Sahihi ya Baba Kwenye Fomu Yangu

Nilipompigia baba simu kumwambia kwamba nimepata feloshipu chuoni, alifurahi kuliko nilivyotarajia. "Kongoi, kongoi," akashukuru mara mbili, kisha akaniuliza feloshipu hiyo inakutana siku gani na ni nani anayeongoza maombi. Kwetu, kule juu ya Chepseon, Kericho, feloshipu ni mkutano wa kanisa. Akina mama wana yao Alhamisi, vijana wana yao Jumamosi, na wazee hukutana mara moja kwa mwezi. Sikumsahihisha. Niliona maelezo yatakuwa marefu, na nilikuwa na haraka ya kwenda kuwaambia wenzangu bwenini.

Chuo chetu kilikuwa na kituo kidogo, vyumba vitatu tu juu ya maktaba, ambacho kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi dini inavyoingia katika mambo ya watu wote: mahakamani, shuleni, kwenye kampeni, kwenye baraza la chifu linalofunguliwa kwa sala. Kila mwaka walichagua wanafunzi wanane wa shahada ya kwanza. Kila mmoja alipewa meza, mwalimu wa kumsimamia, na mwaka mzima wa kutafiti jambo moja. Mwishoni ulisoma kazi yako mbele ya wageni, na zile zilizopendeza zilitiwa katika kijitabu. Mama yangu alifariki nikiwa kidato cha pili. Tangu hapo nililelewa na baba peke yake, kwa chai na ng'ombe wawili. Meza iliyobandikwa jina langu ilikuwa jambo kubwa kwangu. Niliipiga picha.

Profesa aliyesimamia kituo alikuwa mama mtu mzima, mpole, msikilizaji sana. Nilimpelekea wazo langu la kwanza, kuhusu sala za kufungua mikutano. Akalisoma, akatabasamu.

"Hili limeandikwa na wengi," akasema. "Wewe una nini ambacho mwingine hawezi kukipata?"

Kupitia mlango uliokuwa wazi niliwaona wenzangu wameinamia vitabu, kila mmoja akionekana kujua anachokifanya. Niliogopa kuonekana mtupu. Ndipo nikasema, "Nilipokuwa na miaka saba, wakati wa fujo za uchaguzi, majirani zetu walikimbilia kanisa letu wakalikuta limefungwa. Ufunguo ulikuwa nyumbani kwetu."

Profesa aliweka kalamu chini. "Kwa nini halikufunguliwa?"

"Sijui. Baba hajawahi kusema."

"Basi umepata kazi yako," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye matangani. "Lakini uende polepole. Hao ni watu wako."

Niliondoka pale nikishuka ngazi mbilimbili. Sikusikia neno "polepole". Nilisikia tu kwamba nimepata kazi.

Niseme nilichokuwa nakikumbuka. Kanisa letu ni la mabati, limepakana na boma letu, na baba alikuwa mzee wa kanisa aliyetunza ufunguo. Ilikuwa alasiri. Kwa siku kadhaa moshi ulikuwa ukionekana upande wa bonde, na watu walikuwa wakipita barabarani na magodoro. Baba alikuwa ameketi sebuleni na viatu miguuni, jambo ambalo mama hakuwa akilikubali. Mimi nilipewa mahindi nipukuchue. Nje kulikuwa na sauti ya mwanamke aliyepiga hodi, kwanza mbali, mlangoni pa kanisa, kisha karibu. Nilimjua kwa sauti. Alikuwa jirani yetu wa chini, wa familia ya kabila jingine iliyotoka Kisii na kununua shamba kwetu kabla sijazaliwa. Nilisimama kwenda mlangoni, kwa maana tulizoea kumfungulia. Baba akanishika mkono, akanikalisha. Baadaye sauti ikakoma. Nyumba yao ilichomwa siku hiyo hiyo. Walienda kwa miguu hadi kituo cha polisi cha Kipkelion, wakakaa kambini kwa miezi mingi, na mtoto wao mdogo akapata kichomi kilichomwachia kifua kibovu hadi leo. Mume wa jirani huyo hakutaka kurudi tena. Alikwenda kwao akafia huko. Jirani mwenyewe alirudi baada ya miaka miwili na wanawe wawili, akajenga upya palepale. Akarudi pia katika kanisa lilelile, na kila asubuhi akaja kununua maziwa kwetu.

Hayo niliyajua. Nililotaka kujua ni kilichokuwa moyoni mwa baba alasiri ile.

Nilienda nyumbani likizo ya Agosti. Nilimkuta amekonda kidogo lakini mwepesi, bado anachuma chai mwenyewe, bado anabeba majani mwenyewe hadi kituo cha kupimia. Siku ya tatu tulikuwa shambani wawili, kila mmoja na kikapu chake mgongoni, mistari yetu ikiwa sambamba. Kulikuwa na ukungu mwepesi. Kabla ya kuingia shambani nilikuwa nimewasha simu irekodi sauti na kuitia katika mfuko wa epuroni yangu ya plastiki. Nilijiambia nitamweleza baadaye. Sikutaka ashtuke, ndivyo nilivyojiambia.

"Baba," nikasema, "siku ile ya akina mama jirani, ufunguo ulikuwa wapi?"

Mikono yake haikusimama. Alichuma, akatupa nyuma, akachuma. Nilidhani hakunisikia. Alipofika mwisho wa mstari alisimama, akashika kiuno.

"Nilijua utaniuliza siku moja," akasema. "Ulikuwa mtoto lakini macho yako yalikuwa yananitazama."

Akanieleza. Vijana walikuwa barabarani na pinde. Walikuwa wamepita boma kwa boma wakisema atakayewaficha wale watu atakuwa mmoja wao. Angefungua kanisa, wangelichoma, na moto ungeruka kwenye paa letu. "Na wewe ulikuwa ndani," akasema. "Niliogopa, chepto. Hiyo ndiyo kweli. Niliogopa." Huniita chepto, msichana, anapotaka kunisemesha kwa upole. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimshika bega. Na huku nimemshika bega, nilikuwa nawaza kama ukungu na upepo havijaharibu sauti katika simu.

Sijapata kumwambia mtu wazo hilo hadi leo.

Kituo kilitaka kila tuliyemhoji aweke sahihi kwenye fomu kwamba amekubali, na kwamba ameelezwa maneno yake yatatumiwaje. Fomu ilikuwa kurasa tatu za Kiingereza. Jioni ile nilimletea baba mezani.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya shule," nikasema. "Inaonyesha kwamba nilikuja nyumbani nikafanya kazi."

"Jina langu litakuwa kwenye kitabu?"

"Hapana, baba. Hakuna jina la mtu litakaloandikwa."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililoniwezesha kumtazama usoni. Alivaa miwani, akapangusa mikono yake kwa kitambaa, akaandika majina yake matatu polepole kwa herufi zilizosimama wima, vile alivyokuwa akiandika katika rejista ya ubatizo. Akanirudishia kalamu. "Kama inakusaidia, ni sawa," akasema.

Niliandika miezi yote iliyofuata. Nadhani niliandika vizuri. Nilieleza jinsi kanisa la kijijini linavyokuwa mali ya watu wote hadi siku ya hatari, halafu linakuwa mali ya mwenye ufunguo. Baba nilimwita "mzee mmoja". Jirani nilimwita "mama mmoja", nikaandika kwamba hadi leo hajui kuwa mtu aliyemfungia alikuwa nyumbani wakati ule. Hilo sikumwuliza mtu. Lilionekana kweli, na lilifanya hadithi iume zaidi. Yeye mwenyewe sikumhoji kabisa. Nilimwona kila asubuhi ya likizo ile, akija na chupa yake ya maziwa, tukasalimiana, na sikumwuliza chochote, kwa kuwa nilijua angeuliza kwa nini.

Siku ya kusoma ukumbi ulijaa. Walikuwepo walimu, wanasheria wawili, watu wa mashirika, na wachungaji walioalikwa kutoka sehemu ambazo wanafunzi walitafiti. Kwenye orodha ya waalikwa niliyotumiwa wiki moja kabla, palikuwa pameandikwa "wachungaji, Kericho na Bomet". Ningeweza kuuliza ni akina nani. Sikuuliza. Nilikuwa nafanya mazoezi mbele ya kioo, hasa ya sentensi moja iliyohitaji nitue katikati: kanisa lilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa na mtu mmoja. Nilipoisema, ukumbi ulitoa pumzi. Mama mmoja mbele alitoa leso. Nilihisi joto la fahari likinipanda kutoka miguuni.

Walipiga makofi. Kisha mwanasheria mmoja akanyoosha mkono, akauliza swali la heshima: "Binti, umemwelezea huyu mzee kwa karibu sana. Una uhusiano naye?"

Profesa aliinua uso akanitazama. Alijua. Alikuwa akinisubiri niseme.

"Ni mtu wa jamii yangu," nikasema.

Mwanasheria akaitika kwa kichwa. Profesa akainamia karatasi zake. Hapo ndipo nilipomwona mchungaji wetu katika safu ya nne, amevaa suti yake ya kahawia ya Pasaka, mikono juu ya magoti. Ndiye aliyenibatiza. Ndiye aliyemzika mama. Alikuwa akinitazama bila hasira yoyote, na ningependa angalau angekuwa na hasira.

Wakati wa chai alinifuata, akanipa mkono. "Umesoma vizuri, mwanangu," akasema. "Mzee nitamsalimia."

Siku kumi baadaye alinipigia simu. Nilikuwa kwenye meza yangu kituoni. Alisema hakumwambia mtu yeyote isipokuwa baba. Alikuwa amemwendea nyumbani kumwuliza mambo mawili: kama ni kweli, na kama anajua yamesemwa mbele ya watu.

"La kwanza alisema ni kweli," mchungaji akasema. "La pili hakunijibu. Aliniuliza tu, 'Watu walikuwa wangapi?' Nikamwambia. Basi akaniomba nafasi Jumapili."

Jumapili ile, mchungaji akanieleza, baba alisimama mbele ya kanisa, akasema kwamba siku ya fujo ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na yeye alikuwa ndani ya nyumba yake, na alisikia hodi. Akauweka ufunguo juu ya meza ya Bwana, akaenda kuketi benchi la mwisho. Jirani yetu alikuwa upande wa akina mama. Wanawe wawili walikuwa nyuma, na walikuwa hawajui. Walitoka kabla ya wimbo.

"Mchungaji, amekasirika nami?" nikauliza.

"Hajataja jina lako," akasema.

Nilipaswa kupanda gari kwenda nyumbani siku hiyo. Nilikaa chuoni wiki tatu zaidi. Kulikuwa na hafla ya vyeti, na profesa alikuwa ameahidi kuniandikia barua ya kuniombea masomo ya juu, na nilijiambia baba anahitaji muda. Nilimpigia simu mara mbili katika wiki hizo. Mara zote mbili aliniuliza, "Umekula?" Nikasema nimekula. Akaniambia habari za mvua na bei ya chakula cha ng'ombe, kisha tukaagana. Nilipiga picha na cheti. Ninayo picha ile. Ninacheka ndani yake.

Nilipofika nyumbani hatimaye, baba alinipokea kama kawaida. Alinimiminia mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, akanitazama nikinywa hadi mwisho. Kesho yake asubuhi, baada ya kukamua, alileta viti viwili nje, akaviweka uso kwa uso.

"Leta ile kazi," akasema. "Unisomee."

"Ni Kiingereza, baba."

"Geuza. Wewe ni msomi."

Nikaketi na karatasi ishirini na mbili magotini, nikaanza kumsomea kwa Kipsigis, sentensi baada ya sentensi. Sidhani nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko ile. Kwa Kiingereza nilikuwa nimeandika maneno yenye kung'aa. Kwa lugha ya mama hayakuwa na pa kujificha. "Mzee huyo alichagua usalama wa mali yake" ikawa, kinywani mwangu, mbele ya uso wake, mtu alipenda bati kuliko watu. Nilijaribu kuilainisha. Nikasema, "Mzee alifikiria nyumba yake."

Baba akainua mkono. "Sio hivyo. Umemeza kitu. Soma vile umeandika."

Nikasoma vile nilivyoandika. Akaitika kwa kichwa, kama mtu anayepimiwa majani yake na kukuta kipimo ni cha haki. Kila nilipolainisha alijua, na kila mara alinirudisha. Tulimaliza jua likiwa juu. Sauti yangu ilikuwa imekauka.

Baba akasema, "Kuna mahali umekosea."

"Wapi, baba?"

"Umesema niliogopa. Ni mimi nilikwambia hivyo, sio makosa yako. Lakini sio kweli." Alikuwa akitazama mikono yake. "Wale vijana walikuwa wameshapita. Walikuwa wameenda upande wa reli. Barabara ilikuwa tupu. Mama yako aliniambia, 'Nenda ufungue.' Akaniambia mara ya pili. Mimi nilikaa. Unajua nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza, waende tu. Wale watu walikuwa jirani zangu miaka kumi na mbili. Mume wake alinisaidia kupanda ile chai ya juu. Na mimi nikawaza, waende tu, wametosha. Hiyo ndiyo ilikuwa ndani yangu. Nilikwambia hofu kwa sababu wewe ni mtoto wangu. Hofu mtu anaweza kuwaambia watoto."

Nilikuwa nimemvua nguo mbele ya ukumbi mzima, na hata hivyo sikuwa nimempata.

"Na ile karatasi nilitia sahihi," akauliza baadaye, "ndiyo iliwapa ruhusa?"

"Ndiyo."

"Uliniambia ni ya shule."

"Ndiyo, baba."

Akasimama, akarudisha kiti chake ndani. Hakunikemea, wala siku hiyo wala baadaye. Alipotoka alikuwa na kikapu chake, akaenda kuchuma. Nilimfuata, nikashika mstari wa pembeni, na hatukusemezana hadi wakati wa kupeleka majani.

Siku ya pili nilishuka kwa jirani. Nilimkuta chini ya paa la jikoni akichambua vitunguu vya kupeleka soko la Chepseon. Alinikaribisha kigoda, akanisukumia fungu la vitunguu nami nichambue. Mikono ikiwa na kazi, nikasema, "Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini?"

"Wa baba. Na wangu."

"Wa baba yako ataleta mwenyewe," akasema. "Sema wako."

Nikasema kwamba nilieleza habari zake mbele ya watu bila kumwuliza. Akataka kujua nilisema nini hasa. Nikamweleza, na nilipofika pale pa kwamba hadi leo hajui aliyemfungia, aliacha kuchambua.

"Nani alikuambia sijui?"

Niliinamia vitunguu.

"Niligonga kanisa, hakuna mtu. Nikageuka kuangalia kwenu, pazia ikasonga. Nikaona kofia yake. Ile ya manyoya alikuwa anavaa. Nikaja mpaka mlango yenu nikaita, nikaita jina ya mama yako. Nilikuwa najua wako ndani wote. Hata wewe nilisikia sauti yako." Alisema hayo bila kupandisha sauti. "Mimi nilijua kabla hatujafika barabara."

"Na ukarudi? Ukanunua maziwa kwake?"

"Sasa ningenunua kwa nani? Shamba yangu iko hapa." Akachukua kitunguu kingine. "Nilikaa kule kambini nikafikiria. Nikiwaambia vijana wangu, watamchukia, na tutarudi kukaa karibu na yeye. Nikinyamaza, watakaa vizuri. Nikanyamaza. Kila asubuhi nikimpa chupa, anajaza mpaka juu, halafu anaongeza kwa kikombe. Hajawahi kuacha kuongeza, hata wakati wa kiangazi. Hajasema kitu. Lakini mimi nilikuwa najua kwa nini anaongeza, na yeye alikuwa anajua najua. Hiyo ilikuwa yetu, mimi na yeye."

Kutoka ndani ya nyumba mtu alikohoa, kikohozi kirefu chenye mluzi. Alikuwa mwanawe mdogo, ambaye sasa ni mwanamume mwenye ndevu. Alikuwa akitusikia. Hakutoka kunisalimia.

"Saa hii," mama akasema kwa sauti ya chini, "mkubwa ameniambia nikichukua hayo maziwa tena, atahama na watoto wake. Sasa natuma mtu dukani anunue ya pakiti." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nikae. "Wewe ulifikiria unafungua kitu. Haukuuliza kama kuna mtu amekifunga kwa sababu."

Niliomba msamaha tena, kwa maneno machache kuliko ya kwanza. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, na sikuwa na haki ya kumdai aseme. Alinipa vitunguu nimpelekee baba. Nilivibeba nikipanda kilima huku nikilia, nikiona aibu hata ya machozi yenyewe, kwa kuwa yalikuwa yangu peke yangu na mwenye msiba alikuwa nyuma yangu akichambua vitunguu bila kulia.

Niliporudi chuoni nilimwendea profesa, nikamwomba aitoe kazi yangu kwenye kijitabu. Aliniuliza sababu. Nikamweleza yote, pamoja na simu iliyokuwa mfukoni mwa epuroni.

"Lakini fomu yake ninayo hapa," akasema. "Ulikuwa na ruhusa yake."

"Nilikuwa na sahihi yake," nikasema.

Aliivua miwani, akafikicha macho. Akasema kwamba naye ana sehemu yake katika jambo hili, kwa sababu siku ile ukumbini alijua na hakusema. Aliitoa kazi yangu. Aliniomba pia nizungumze na wanafunzi waliochaguliwa mwaka uliofuata, niwaeleze nilivyofanya. Nilikubali, kisha siku ilipofika nikamtumia ujumbe kwamba naumwa. Sikuwa mgonjwa. Masomo ya juu sikuyaomba. Sasa ninafundisha shule ya upili karibu na Bomet, Kiswahili na dini, na kila mwisho wa mwezi ninaenda nyumbani.

Baba bado huketi benchi la mwisho. Walimwomba arudi kwenye baraza la wazee, akakataa, akasema pale nyuma anasikia vizuri. Nilipotaka kuandika haya nilimwuliza kwanza. Safari hii nilimweleza kila kitu: nani atasoma, kwa lugha gani, na kwamba nitaandika lile la "waende tu". Alikaa na swali langu kwa majuma mawili. Kisha akanipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hafanyi mara nyingi. "Andika," akasema. "Lakini muulize na yule mama." Nilimwuliza. Alicheka kidogo, akasema ameshazoea kuandikwa, ila nisiweke kwamba alilia, maana hakulia. Nami sijaweka.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani. Asubuhi moja baba alivaa koti lake la kanisani, akajaza maziwa kwenye chupa ya plastiki, akateremka kwa jirani peke yake. Nilimwangalia hadi alipopita miti ya mpakani. Alikaa huko saa nzima na zaidi. Nilifagia uwanja mara mbili. Aliporudi chupa haikuwa mikononi mwake.

"Wamenipa uji," akasema.

"Na vijana wake?"

"Mdogo alikuwepo."

Nilikuwa na maswali kumi. Niliyaona yamejipanga, mazuri, kila moja na mahali pake. Nilichukua koti lake nikalitundika. Akavaa buti zake za mvua, akaniuliza kama ng'ombe wamepewa maji. Nikamwambia bado, tukaenda kuyateka.